Dawa za kifafa na vipokezi vya ubongo: makundi matatu yakilinganishwa

Swali la dawa ipi ya kifafa iongezwe au ichukue nafasi ya nyingine huja sana pale dawa ya kwanza inapokuwa haijatosha. Mashambulio yamepungua lakini hayajaisha, au yameisha ila mgonjwa anasinzia mchana kutwa, na daktari anataja majina mawili matatu ya kuongeza au kubadilisha. Familia inarudi nyumbani na majina magumu, karatasi ya ndani ya pakiti iliyojaa madhara, na ushauri wa watu ambao kila mmoja anasifia dawa iliyomfaa yeye.

Kuliko kukariri majina, ni afadhali kujua dawa inagusa wapi kwenye seli ya ubongo. Ukijua hapo, utaelewa kwa nini moja inaleta usingizi na nyingine hasira, na kwa nini dawa inayotuliza aina moja ya kifafa inaweza kuchochea nyingine. Ni jambo zito: Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wanaishi na kifafa, na kwamba hadi asilimia 70 yao wangeweza kuishi bila mashambulio wakitambuliwa na kutibiwa ipasavyo. Dozi na uamuzi wa mwisho ni wa daktari na mgonjwa wakiwa pamoja. Ulinganisho huu ni wa kukuandaa kwa mazungumzo hayo.

Kipokezi ni nini, na kinahusikaje na kifafa

Kati ya seli inayotuma ujumbe na ile inayoupokea kuna mwanya mwembamba mno, na kwa sehemu kubwa ujumbe huuvuka kwa njia ya kemikali. Kipokezi ni protini iliyopenya utando wa seli ya upande wa pili, yenye nafasi inayolingana na kemikali fulani. Kemikali ikikaa pale, protini hubadilika umbo. Katika vipokezi tutakavyovizungumzia hapa, tundu lililo katikati hufunguka, chembe zenye chaji hupita, na seli husukumwa kufyatua ujumbe wake au kutulia.

Kemikali mbili ndizo zinazobeba kazi kubwa. Glutamati huamsha. Vipokezi vyake vya AMPA hupitisha sodiamu kwa kasi, na vile vya NMDA hupitisha kalsiamu pia, ila tundu lao huzibwa na magnesiamu mpaka seli iwe tayari imeamshwa. GABA hutuliza: kipokezi chake cha GABA-A kikifunguka, kloridi huingia na seli huwa ngumu kuamshwa. Shambulio la kifafa hutokea kundi kubwa la seli linapofyatua kwa pamoja na kupita kiasi.

Wakati mwingine kosa limo ndani ya kipokezi chenyewe. Mabadiliko kwenye jeni ya GABRG2, inayotengeneza sehemu ya kipokezi cha GABA-A, husababisha kifafa katika baadhi ya familia. Jeni ya CHRNA4, ya kipokezi cha asetilikolini (kemikali nyingine ya kubeba ujumbe), ilihusishwa mwaka 1995 na kifafa cha usiku kinachorithiwa. Mwaka 2007 ukaelezwa ugonjwa ambao kinga ya mwili hutengeneza antibodi dhidi ya vipokezi vya NMDA. Lakini kwa wengi chanzo ni kovu la kiharusi, jeraha la kichwa, maambukizi ya ubongo au kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, na kwa wengine chanzo hakipatikani kabisa. Dawa hufanya kazi kwenye kipokezi hata kama ugonjwa haukuanzia hapo.

Makundi na vigezo

Kundi la kwanza ni dawa zinazoimarisha GABA: fenobabitali, na jamii ya benzodiazepini kama diazepamu, lorazepamu, midazolamu na klobazamu. Kundi la pili huzuia vipokezi vya glutamati, na mwakilishi wake mkuu ni perampaneli. La tatu halitegemei vipokezi hivyo: karbamazepini, fenitoini na lamotrijini hufanya kazi kwenye njia za sodiamu, yaani matundu ya utando wa seli yanayopitisha sodiamu, na levetirasetamu hushika protini iitwayo SV2A iliyo kwenye vifuko vinavyobeba kemikali kabla hazijamwagwa.

Nimeyapima kwa mambo matano: jinsi yanavyofanya kazi, aina ya kifafa, kasi ya kuzuia shambulio linaloendelea, athari kwenye usingizi na hisia, na maisha ya muda mrefu, yaani dawa nyingine, ujauzito na kuacha. Mipaka ya makundi haya si kuta. Topiramati hugusa GABA-A, vipokezi vya glutamati na njia za sodiamu kwa pamoja, na valproeti nayo ina zaidi ya kazi moja.

Jinsi zinavyofanya kazi

Benzodiazepini hazifungui tundu la GABA-A zenyewe. Hukaa pembeni mwa kipokezi na kusubiri GABA ije; ikija, tundu hufunguka mara nyingi zaidi. Fenobabitali hulifanya likae wazi kwa muda mrefu zaidi kila linapofunguka, na ikiwa nyingi sana mwilini huweza kulifungua hata pasipo GABA. Ndiyo maana kuzidisha fenobabitali ni hatari zaidi kwa upumuaji. Wapo pia ndugu wasiogusa kipokezi: vigabatrini huzuia kimeng'enya kinachovunja GABA, na tiagabini huzuia isifyonzwe tena baada ya kumwagwa.

Kuzuia glutamati kulionekana kuwa wazo lenye mantiki zaidi kuliko yote, na bado ndiko kulikochelewa kuzaa dawa. Watafiti walianza na matumaini makubwa juu ya NMDA, lakini kipokezi hicho ndicho kinachohitajika katika kujifunza na kukumbuka. Ukikizima kwa nguvu mtu huchanganyikiwa na kuona yasiyokuwepo. Felbameti, inayokigusa kwa sehemu, iliidhinishwa Marekani mwaka 1993, na mwaka uliofuata ikawekewa onyo kali kwa sababu ya kushindwa kwa uboho na ini. Perampaneli, iliyoidhinishwa 2012, ilichagua AMPA. Haigombei nafasi na glutamati bali hukaa mahali pengine kwenye kipokezi, kwa hiyo hata glutamati ikifurika haiwezi kuisukuma itoke.

Kundi la tatu lina historia ya aina yake. Levetirasetamu iliidhinishwa Marekani mwaka 1999, na ni mwaka 2004 tu ndipo mahali inaposhika palipojulikana. Dawa za sodiamu zinaeleweka vizuri zaidi: hushikilia njia za sodiamu zikiwa zimejifunga baada ya kufyatua, hivyo seli inayofyatua kwa mfululizo huzuiwa zaidi kuliko ile inayofanya kazi kwa kawaida.

Aina ya kifafa

Hapa ndipo makosa hugharimu, na ndipo ningependa msomaji akae zaidi.

Kwa kifafa kinachoanzia sehemu moja ya ubongo, makundi yote matatu yana la kutoa. Karbamazepini na lamotrijini ni za siku nyingi katika kazi hiyo, levetirasetamu nayo hutumika sana, fenobabitali husaidia, na perampaneli huongezwa pale nyingine zinapopungukiwa.

Hali hubadilika kwa mtoto anayezubaa kwa sekunde chache, macho wazi, kisha anaendelea kana kwamba hapakutokea kitu. Karbamazepini na fenitoini zinaweza kuzidisha kuzubaa huko, na pia kule kushtuka ghafla kwa mikono kunakowapata baadhi ya vijana asubuhi. La kushangaza ni kwamba vigabatrini na tiagabini, zinazoongeza GABA, nazo huzidisha kuzubaa. Kuna seli ndani kabisa ya ubongo, kwenye thalamasi, ambazo zikitulizwa kupita kiasi njia zake za kalsiamu hujiandaa upya, na zikiamka hufyatua kwa mpigo mmoja na jirani zake. Utulivu mwingi unakuwa ndio unaopanga mdundo wa shambulio. Dawa inayofaa kuzubaa kunakotokea peke yake, ethosaksimidi, hailengi kipokezi cha GABA wala cha glutamati. Hulenga njia hizo za kalsiamu. Kwa hiyo anayekuambia kuwa kifafa ni upungufu wa GABA tu amekupa nusu ya habari.

Kwa ugonjwa wa Dravet, kifafa kikali cha utotoni kinachotokana mara nyingi na jeni ya SCN1A, dawa za sodiamu kwa kawaida huepukwa kwa sababu njia za sodiamu za seli zinazotuliza ndizo zilizokwisha dhoofika. Klobazamu ina nafasi nzuri hapo na katika ugonjwa wa Lennox-Gastaut, kifafa kingine kikali cha utotoni. Vigabatrini, pamoja na hatari yake ya kupunguza upeo wa kuona kwa kudumu, hubaki chaguo muhimu kwa watoto wachanga wenye mikazo ya mfululizo itokanayo na tuberous sclerosis, ugonjwa wa kijeni unaootesha vivimbe kwenye ubongo na viungo vingine. Perampaneli hutumika pia katika mashambulio makubwa ya mwili mzima ya kifafa cha jumla. Levetirasetamu ina upana wa kusaidia hata pale aina ya kifafa haijabainika vizuri.

Kasi wakati shambulio haliishi

Mashambulio mengi huisha yenyewe ndani ya dakika mbili tatu. Shambulio la kukakamaa na kutetemeka likipita dakika 5 ni dharura, na hapo benzodiazepini hutangulia: diazepamu kupitia njia ya haja kubwa, midazolamu ndani ya shavu au msuli, lorazepamu kwenye mshipa. Hufanya kazi ndani ya dakika chache.

Kinachofanya dakika hizo ziwe za thamani kimo kwenye vipokezi vyenyewe. Majaribio ya wanyama yameonyesha kuwa shambulio linavyoendelea, vipokezi vya GABA-A huvutwa kutoka juu ya utando na kuingizwa ndani ya seli, huku vile vya NMDA vikiongezeka pale ujumbe unapopokelewa. Dawa ileile ambayo ingetosha mapema inakuta sehemu za kushika zimepungua. Basi ucheleweshaji haumwongezei mgonjwa uchovu tu. Unaidhoofisha hata dawa. Utafiti wa RAMPART uliochapishwa 2012 uliipima midazolamu ya sindano ya msuli dhidi ya lorazepamu ya mshipani, zikitolewa na wahudumu wa gari la wagonjwa. Kwa midazolamu, asilimia 73 walifika hospitali shambulio likiwa limekoma bila dawa ya nyongeza. Kwa lorazepamu, 63. Kutafuta mshipa kwa mtu anayetetemeka huchukua muda.

Benzodiazepini zikishindwa, kundi la tatu huingia. Utafiti wa ESETT wa 2019 ulilinganisha levetirasetamu, fosfenitoini (fenitoini ya sindano) na valproeti katika hatua hiyo, na kila moja ilimaliza shambulio kwa karibu nusu ya wagonjwa. Baadaye zaidi, katika chumba cha wagonjwa mahututi, ketamini, dawa ya nusukaputi inayoziba NMDA, huweza kutumika, jambo linaloafikiana na kuongezeka kwa vipokezi hivyo. Perampaneli ya vidonge si dawa ya dakika hizo.

Watoto wachanga wanastahili neno lao. Katika siku za mwanzo za maisha, seli nyingi zina kloridi nyingi ndani, na GABA inaweza kuziamsha badala ya kuzituliza. Ungetarajia basi fenobabitali ishindwe. Utafiti wa NEOLEV2 wa mwaka 2020 ulionyesha kinyume: fenobabitali ilizuia mashambulio kwa saa 24 katika asilimia 80 ya wachanga, na levetirasetamu katika asilimia 28. Nadharia ya kipokezi inatoa mwanga, lakini majaribio kwa wagonjwa ndiyo yanayoamua.

Usingizi, hisia na ngozi

Kuimarisha GABA hakuchagui sehemu ya ubongo, ndiyo maana fenobabitali na benzodiazepini huleta usingizi, ulegevu na kupungua kwa umakini. Kwa watoto fenobabitali huweza kuleta kinyume, utukutu na kukosa utulivu, na mzazi akadhani mtoto amekuwa mtundu tu. Klobazamu huelemea kidogo kuliko nyingi za jamii yake.

Perampaneli huleta kizunguzungu na usingizi, hivyo humezwa wakati wa kulala. Lakini lililo kubwa ni hasira, ugomvi, hata mawazo ya kudhuru wengine. Marekani ina onyo la ngazi ya juu kuhusu hilo. Levetirasetamu nayo, ijapokuwa si ya vipokezi hivyo, inajulikana kwa kuleta hasira na huzuni. Kwa dawa hizi mbili, watu wa nyumbani waelezwe mapema, kwa sababu mgonjwa mwenyewe anaweza asione kuwa amebadilika.

Dawa za sodiamu huelekea kuwa nyepesi kwa hisia, na lamotrijini husifiwa kwa hilo. Bei yake iko kwenye ngozi. Lamotrijini hupandishwa polepole kwa wiki kadhaa ili kupunguza hatari ya vipele vikali, na karbamazepini ina hatari kubwa zaidi kwa wenye alama ya urithi ya HLA-B*15:02, inayopatikana zaidi kwa watu wenye asili ya Asia. Upele wowote kwenye dawa hizi ni wa kuripotiwa siku hiyohiyo.

Dawa nyingine, ujauzito na kuacha

Fenobabitali, karbamazepini na fenitoini huamsha vimeng'enya vya ini, na hivyo hupunguza nguvu ya vidonge vya kupanga uzazi na dawa nyingine nyingi. Hushusha sana hata kiwango cha perampaneli. Perampaneli yenyewe kwa dozi ya juu hupunguza levonojestreli, homoni iliyomo katika baadhi ya vidonge vya kupanga uzazi. Levetirasetamu ina mwingiliano mdogo, ila hutolewa na figo, kwa hiyo wenye figo dhaifu hupunguziwa dozi. Lamotrijini huathirika upande wa pili: vidonge vyenye estrojeni huishusha mwilini.

Kwa ujauzito, lamotrijini na levetirasetamu ndizo zenye rekodi nzuri zaidi. Fenobabitali huongeza hatari ya kasoro za kuzaliwa, na topiramati pia. Valproeti ndiyo nzito kuliko zote, ikihusishwa na kasoro kwa mtoto takriban mmoja kati ya 10 na matatizo ya ukuaji wa akili kwa wengi zaidi ya hapo. Kumbukumbu za perampaneli katika ujauzito bado ni chache. Mwanamke aliyegundua ana mimba asiache dawa mwenyewe. Shambulio kubwa nalo ni hatari kwake na kwa mtoto.

Benzodiazepini za kila siku hupoteza nguvu kwa wagonjwa wengi kadiri wiki na miezi inavyokwenda, kwa sababu vipokezi hujirekebisha. Kuziacha ghafla, kama ilivyo kwa fenobabitali, kunaweza kuleta mashambulio mfululizo, na hupunguzwa kidogokidogo kwa muda mrefu. Hakuna dawa ya kifafa ya kuacha kwa siku moja bila daktari, ila hizi ndizo zinazoadhibu vikali zaidi. Perampaneli hukaa mwilini muda mrefu, nusu yake ikitoka baada ya saa 105 hivi, kwa hiyo dozi moja iliyosahaulika haimwangushi mtu kirahisi, ila kuona matokeo ya dozi mpya kunataka wiki mbili au zaidi.

Kwa hali yako

Kama kifafa kinaanzia sehemu moja, mgonjwa ni mtu mzima na ana historia ya sonona au hasira, anza mazungumzo na dawa za sodiamu, hasa lamotrijini, na utaje historia hiyo kabla ya levetirasetamu au perampaneli kuandikwa.

Kama mashambulio ni ya kuzubaa au ya kushtuka mikono, uliza waziwazi kama dawa inayopendekezwa inaweza kuyazidisha. Peleka video ya shambulio iliyopigwa kwa simu. Mara nyingi inasema zaidi ya maelezo.

Mwenye dawa nyingi za magonjwa mengine atanufaika zaidi na levetirasetamu kuliko fenobabitali au karbamazepini. Mahali ambapo upatikanaji wa dawa si wa uhakika, fenobabitali, iliyomo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na inayomezwa mara moja kwa siku, bado inafanya kazi ya heshima, mradi haikatiki. Dawa bora inayokosekana kila mwezi wa pili ni hatari kuliko ya zamani inayopatikana.

Msichana au mwanamke anayeweza kupata mimba azungumzie uzazi kabla ya kuanza dawa, hata kama hana mpango wa mtoto sasa.

Anayepata mashambulio marefu au ya mfululizo aombe mpango wa dharura ulioandikwa: benzodiazepini gani, dozi gani, itolewe dakika ya ngapi, na nani amefundishwa kuitoa. Mpango huu unahitajika bila kujali dawa ya kila siku ni ya kundi gani.

Kama dawa mbili zilizochaguliwa vizuri na kumezwa ipasavyo zimeshindwa, hapo kifafa huhesabiwa kuwa sugu. Ya tatu, pengine perampaneli kwa sababu inagusa mahali tofauti, ni ya kufikiriwa, lakini uliza kwa uzito uleule kuhusu upasuaji, lishe ya ketojeniki (mafuta mengi, wanga kidogo sana) na kupelekwa kwenye kituo cha kifafa.

Na kama mashambulio yameanza ghafla kwa mtu aliyekuwa mzima, yakiambatana na kuchanganyikiwa, tabia ya ajabu au midomo kuchezacheza, kundi lolote kati ya haya matatu linaweza kushindwa likiwa peke yake. Omba kipimo cha antibodi za vipokezi vya NMDA katika maji ya uti wa mgongo, kwa sababu kinachohitajika hapo ni matibabu ya kutuliza kinga, na kwa wanawake vijana pia kuchunguzwa uvimbe kwenye ovari.